Kuwatafuta Watu wa Agnesi

Ukifungua daftari la zamani la ubatizo, usianze na jina. Najua utaanza na jina, kila mtu huanza hapo. Lakini majina ya huku kwetu yaliandikwa na mapadri waliotoka mbali, na Kisandawe kina sauti za kugonga ulimi ambazo kalamu yao haikuzijua. Padri mmoja alimwandika mtu kama alivyosikia, mwenzake akaja kumwandika ndugu wa huyo huyo, tumbo moja, kwa namna nyingine kabisa, na wewe mjukuu leo unapita juu yao wote wawili bila kuwatambua. Anza na msimamizi. Aliyemshika mtoto siku ya ubatizo hakuwa mpita njia. Msimamizi ana nyumba, ana kijiji, na mara nyingi jina lake linatokea tena kwenye kurasa nyingine. Huyo unaweza kumfuata.

Nilikuwa karani wa parokia, upande huu wa Chemba, maisha yangu yote ya kazi. Nina elimu ya darasa la saba na mwandiko mzuri, na ni mwandiko ulionipa kazi, si darasa la saba. Sasa nimestaafu. Mke wangu Sesilia tulimzika mvua zilipoanza, na tangu hapo sina mtu wa kunikatiza ninapozungumza. Ndiyo maana naandika. Angekuwepo angekuwa ameshasema, "Baba Yosefu, fupisha."

Nawaandikia ninyi mnaokuja parokiani na simu zenu, kutoka Dodoma mjini na kwingine, kutafuta babu alitoka wapi. Zamani waliokuja walitaka cheti tu: cheti cha kuoa, cheti cha shule, cheti cha kuombea kitambulisho. Siku hizi mnakuja kutafuta watu. Mnapiga picha ukurasa mzima, mnasema asante, mnaondoka. Sina ugomvi na simu. Macho yangu yalipoanza kufifia ni simu ya mwanangu Yosefu iliyonikuzia maandishi. Ila simu hupiga picha ya kilichoandikwa tu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kujua kwa nini kiliandikwa vile.

Aliyenifundisha hayo aliitwa Mzee Petro, karani aliyenitangulia. Alikuwa mkali, mfupi, na mnusaji wa ugoro. Alinikataza kushika daftari kabla ya kunawa, akanikataza kulamba kidole ninapofunua kurasa, kisha yeye mwenyewe akapiga chafya juu ya karne nzima ya Wakristo. Miaka mingi baadaye alikuja mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama yale madoa ya kahawia pembeni mwa majina yalikuwa alama ya waliokufa kwa ugonjwa fulani. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hao walikufa kwa magonjwa mbalimbali. Hayo madoa ni Mzee Petro."

Neno lake ambalo sikulisahau ni hili: "Padri aliandika alichoambiwa. Na aliyemwambia alikuwa amechoka na njia."

Alinieleza hivi. Kwenye daftari kuna safu ya mahali. Mtu akisoma "Kolo" pale, anafikiri mtoto alizaliwa Kolo. Huenda ni kweli. Lakini zamani makatekista walikusanya watu kutoka vijiji vya mbali, wakawaleta misheni kwa kundi, kwa miguu, na padri aliyekuwa na foleni mlangoni aliandika kigango cha katekista, yaani kijiji cha kanisa lake dogo, kwa wote. Mara moja wazee wa familia mbili walizuia ndoa ya vijana wao kwa sababu daftari lilionyesha babu zao wote wametoka kijiji kimoja, wamebatizwa siku moja, wamefuatana mstari kwa mstari. Wakasema hawa ni ndugu. Mzee Petro alicheka mpaka akakohoa. "Undugu wao ni kwamba walitembea pamoja," alisema. Vijana wakaoana. Wana wajukuu sasa.

Watu huniuliza pia kuhusu sensa. Nilikuwa karani wa sensa zaidi ya mara moja, kwa sababu ya mwandiko ule ule. Niseme mapema ili usipoteze nauli: usitegemee sensa ikupe jina la bibi yako. Sensa inahesabu, na ukimaliza kuhesabiwa unakuwa mmoja kati ya wengi. Lakini kazi ile ilinifundisha kuuliza. Huku vijijini wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, kwa hiyo tulitembea na kalenda ya matukio: njaa, nzige, vita, mashamba ya karanga ya Kongwa, Uhuru, kuhamia vijijini. Humuulizi mtu mwaka. Unamuuliza jambo fulani lilipotokea yeye alikuwa anafanya nini. Alikuwa anatambaa? Anachunga? Anaposa?

Mzee mmoja aliniambia kwa kujidai, "Wazungu wa karanga walipofika Kongwa, mimi nilikuwepo. Walikuwa wanang'oa visiki."

Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni, "Karani, usiandike! Kongwa alikwenda baba yake kutafuta kazi. Yeye alikuwa mgongoni kwa mama yake, analia!"

Mzee akanitazama bila haya. "Sasa nilikuwepo au sikuwepo?"

Tukapata umri wake kwa njia hiyo. Wazee hawadanganyi sana. Wanasimulia tu waliyosimuliwa kana kwamba waliyaona, na wewe unapaswa kuuliza swali moja la ziada, lile ambalo hakuna anayependa uulize.

Nifike kwa Sesilia.

Mama yake aliitwa Agnesi. Alilelewa misheni tangu mdogo sana, akakulia kwa masista, akaolewa na mwanamume wa hapa hapa. Hakujua kwao. Hakubaki na neno hata moja la lugha aliyozaliwa nayo, wala sura ya mtu. Nilipomwoa Sesilia na kuanza kazi ofisini, nilijitolea kumtafutia mama mkwe wangu asili yake, nikidhani namfanyia zawadi. Alinikatalia. Alikuwa anapepeta mtama, hata hakuinua kichwa. "Mkwe, wewe ni mtu mwema. Lakini nikikuta nilitupwa, utanipa nini cha kuondolea hilo?" Nikaacha.

Agnesi alipofariki tulimzika kwa heshima. Huku kwetu, jeneza likishashushwa, mwenyekiti wa msiba huita watu kwa makundi waje kutia udongo: upande wa mume, watoto, wajukuu. Halafu akaita, "Watu wa kwao marehemu, karibuni." Hakusimama mtu. Mwenyekiti hakuwa na nia mbaya, alisubiri kidogo, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Haya. Majirani."

Sesilia alilisikia lile "haya" mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuwa mtu wa kulialia. Lakini tukiwa tumekaa tu, tunachambua choroko, alikuwa akisema, "Haya, majirani," halafu anaendelea kuchambua.

Alipougua, Yosefu alimpeleka hospitali Dodoma, akarudi na dawa za kupunguza maumivu na maneno machache. Tulielewa. Siku moja aliniita akiwa amelala upande wake wa kulia, upande ambao haukumuuma sana.

"Baba Yosefu. Umewatafutia watu wote babu zao. Mkeo nimebaki yatima wa daftari."

"Mama yako alikataa."

"Mama yangu amekufa. Mimi sijakataa. Siku yangu wakiita upande wa mama, nataka asimame mtu. Hata mmoja. Hata kama ni mlevi."

"Na kama alitupwa?"

"Basi huyo mlevi aje aniombe radhi."

Nilikuwa nimeshastaafu, lakini Paroko wetu ni kijana muungwana, akanifungulia kabati. Mstari wa Agnesi nilikuwa naujua kwa macho, ila sasa nilikaa nao. Msichana, umri kama miaka minne. Wazazi hawajulikani, ameletwa wakati wa njaa. Mahali, Kolo. Msimamizi, Maria, mke wa katekista. Huyo katekista alitoka Kolo. Kwa kanuni ya Mzee Petro neno "Kolo" lilikuwa linanieleza habari za katekista, si za mtoto, na hilo nililijua vizuri. Lakini mtu aliyepotelewa na mbuzi huanzia pale kengele iliposikika mara ya mwisho.

Nikapanda basi hadi Kondoa, na kutoka Kondoa nikaenda Kolo.

Pale barabarani nilimkuta fundi cherehani, mtu wa makamo, anashona sare za shule barazani. Jina lake Rajabu. Kabla sijafungua mdomo akaninyooshea mkono kuelekea mlimani.

"Michoro iko kule juu, mzee. Ila kwa miguu hiyo, chukua bodaboda."

"Sikuja kutazama michoro ya mapangoni. Nimekuja kutafuta watu."

"Hata watu wako kule kule juu, wamechorwa." Akacheka, kisha akaona sura yangu, akaacha kukanyaga cherehani. "Samahani, shikamoo. Watu gani, mzee wangu?"

Nikamweleza. Mtoto wa kike, aliyepelekwa misheni wakati wa njaa, zamani za babu zetu. Akanisikiliza huku ameshika uzi mdomoni. Nilipomaliza akautoa.

"Twende kwa mama," alisema.

Mama yake aliitwa Bi Hawa. Alikuwa mzee sana, amekonda, macho makali, amekaa kwenye mkeka anachagua maharage. Mimi mwenye mvi nikamwamkia shikamoo kama mtoto. "Marahaba," akasema. "Sema, usiogope." Nikasema. Alipofahamu nilichokuja nacho, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Zuhura," alisema.

Mama yake Bi Hawa alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Zuhura. Njaa ilipowazidi, baba yao, Mwislamu wa kuswali, alimbeba Zuhura mabegani akamkabidhi kwa watu wa misheni, kwa sababu ilisemekana misheni kuna uji. Akaahidi kumrudia mvua zikinyesha. Mvua ziliponyesha baba mwenyewe alikuwa ameshakufa. Waliobaki hawakujua misheni ipi. Mama yake Bi Hawa alimtafuta mdogo wake kwa kuuliza tu, kila msafiri, mpaka uzeeni, na alipokaribia kufa akamwachia binti yake kazi ile ya kuuliza.

"Na mimi nimeuliza mpaka watu wakanikimbia," Bi Hawa alisema. "Sasa leo swali limekuja lenyewe, linapiga hodi."

Msichana mdogo, kutoka Kolo, wakati wa njaa, misheni. Kila kitu kililingana. Nyumba nzima ikaamka. Kuku akakamatwa. Bi Hawa akaanza utani pale pale.

"Kwa hiyo wewe ni mkwe wetu! Mkwe gani huyu anakuja mikono mitupu? Hata kanga ya mama mkwe huna? Rajabu, mpime shingo, tunaweza kumdai ng'ombe bado."

"Mahari si alilipa kule kule, mama," Rajabu akasema.

"Alilipa kwa wasiohusika!"

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Rajabu akaniambia nimpigie mgonjwa simu aongee na watu wake. Ugali ukaletwa, kuku akaletwa, simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikanawa.

Vijana, hapa nisikilizeni. Swali la ziada lilikuwa kooni mwangu tangu Bi Hawa alipoanza kusimulia. Ningeweza kuliacha. Hakuna mtu pale ambaye angelijua, na mke wangu angelala usiku ule akiwa na watu. Ningeweza. Lakini nilikuwa nimeuliza wazee wa watu swali hilo maisha yangu yote, na sikuona kwa nini nyumba yangu ipite bila kuulizwa.

"Mama," nilisema, "hiyo njaa ya Zuhura. Ilikuwa kabla ya nzige, au nzige walikuwa wameshapita?"

"Mzee, kula kwanza," Rajabu akasema.

"Walikuwa wameshapita," Bi Hawa akajibu. "Nzige ndio walioleta njaa yenyewe. Mama alinisimulia walikuwa wanawakaanga hao hao nzige, wanawala. Zuhura peke yake hakuweza kuwameza. Anaweka mdomoni, anatema. Ndiyo sababu akachaguliwa yeye kupelekwa."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Ubatizo wa Agnesi ulikuwa wa njaa ya kabla ya nzige. Nzige walipofika upande huu, Agnesi alikuwa na miaka kadhaa misheni, ameshapata kipaimara. Nililiona jina lake kwenye orodha. Walikuwa wasichana wawili. Njaa mbili, na huenda misheni moja.

Nikamweleza Bi Hawa taratibu. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo si huyu."

"Si huyu, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ungenyamaza, ningekuwa nimempata."

"Ndiyo, mama."

Kisha akasogeza sahani ya kuku upande wangu. "Kula. Hatukumchinjia mkwe peke yake, tulimchinjia mgeni."

Njiani kurudi nilipanga namna ya kusema. Sikupata namna. Sesilia aliniona nikiingia tu akajua, lakini akauliza, "Umepata?" Nikamsimulia yote, mpaka nzige. Akageuka akatazama ukuta, upande ule uliomuuma. Nikakaa kwenye kigoda. Sikumgusa, maana nilijua hataki.

Akasema bila kugeuka, "Na huyo mtoto wao yuko wapi?"

"Sijui. Sikumtafuta yeye."

"Alikuja hapa hapa?"

"Inaelekea."

"Basi mtafute. Yule mama ameuliza maisha yake yote. Wewe una kabati."

"Sesi, siku zetu ni chache. Nataka nimtafute wako."

"Wangu hajulikani jina. Wao wana jina. Tafuta anayepatikana."

Hilo ndilo fundisho bora la kazi hii nililowahi kupewa, na aliyenipa alikuwa mke wangu, muuza maandazi, amelala kitandani.

Nilimtafuta Zuhura mahali nilipokuwa sijatazama, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa natafuta mtoto aliyeishi. Waliobatizwa katika hatari ya kufa huwezi kuwakuta kwenye foleni ya kawaida. Mara nyingi katekista au sista ndiye aliyebatiza, habari zikaja kuandikwa baadaye, nyingine zimebanwa pembeni, nyingine zipo kwenye daftari la marehemu tu. Kumbukeni hilo. Ukimkosa mtoto kati ya waliobatizwa, vuta pumzi, fungua la marehemu.

Alikuwa pale. Anna, aliyeitwa Zuhura, binti wa Ramadhani wa Kolo. Amebatizwa katika hatari ya kufa. Msimamizi, Maria, mke wa katekista. Amezikwa makaburi ya misheni. Mwanamke yule yule Maria aliyemshika Agnesi, miaka kadhaa baadaye alimshika na huyu. Mmoja aliishi, mmoja hakuishi. Juu ya ukurasa kulikuwa na doa la ugoro, na nawaambia kweli, niliinamisha kichwa nikalia juu ya ugoro wa Mzee Petro.

Nikampigia Rajabu. Waliwasili kwa gari la kukodi, Bi Hawa amekaa mbele, amevaa baibui safi. Nikamsomea mstari wenyewe, kila neno.

"Mlimbatiza," alisema.

"Imeandikwa hivyo, mama."

"Mtoto wa Ramadhani." Rajabu akatazama chini. "Alipewa uji?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Haikuandikwa," nikasema.

"Huyo Maria ni nani?"

"Mke wa katekista. Alikuwa mtu wa kwenu, wa Kolo."

"Basi alisikia lugha ya nyumbani kabla ya kufa," Bi Hawa alisema. Akajifuta uso kwa ukingo wa baibui. "Hayo mengine Mungu anayajua mwenyewe."

Makaburi ya watoto yako upande wa michongoma, chini, hayana alama. Nilimwambia siwezi kumwonyesha ni lipi. Alisimama pembeni na mwanawe, wakainua mikono wakasoma dua, wakaielekeza kwa eneo zima. Kisha akataka kupelekwa kwa mgonjwa.

Nilidhani ataona huruma na kunong'ona, kama watu wanavyofanya. Aliingia akasema, "Ndiye wewe uliyetaka kuninyang'anya mama mdogo?"

Sesilia alikuwa hana nguvu ya kuinuka, ila akacheka kwa macho. "Nilitaka, mama. Mume wangu akaharibu."

"Mume wako ana kichwa kigumu. Ulimtoa wapi?"

"Nilikuwa nauza maandazi parokiani, akaja kutafuta cheti, akasahau kuondoka."

Wakashikana mikono. Sijui walizungumza nini zaidi. Bi Hawa alitufukuza, mimi na Rajabu, tukakaa nje tukizungumza habari za bei ya vitambaa. Alipotoka alikwenda moja kwa moja garini.

Sesilia alikata roho baada ya hapo, si muda mrefu, asubuhi, nikiwa namwosha uso. Kitambaa kilikuwa bado kina maji ya uvuguvugu.

Nilimpigia Rajabu kama unavyompa taarifa mtu yeyote mliyefahamiana. Sikuomba kitu. Akasema, "Poleni sana, mzee wangu," simu ikakatika, mtandao wa huku mnaujua.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha, udongo mzito. Paroko akamaliza sala. Mwenyekiti akaita upande wa mume, tukatia udongo, mimi na ndugu zangu. Akaita watoto. Akaita wajukuu. Akaita upande wa baba yake marehemu, wakaja wengi. Nilijua kinachofuata, na nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Upande wa mama yake marehemu, wajomba, karibuni."

Nikasikia watu wanasogea nyuma yangu. Nikageuka. Bi Hawa alikuwa anakuja, ameshikwa mkono na Rajabu, na nyuma yao wanaume na wanawake wa Kolo, kofia za Kiislamu na mitandio, wanakanyaga tope la makaburi yetu kwa uangalifu. Mwenyekiti, ambaye alijua habari za familia hii, alishangaa kwa furaha. "Karibuni, wajomba! Karibuni!"

Bi Hawa akasimama ukingoni.

"Sisi si wajomba zake," alisema kwa sauti. "Nasema mapema, asije mtu akatuita waongo baadaye. Mwenye mke anajua, na marehemu alijua. Lakini mtoto wetu amelala pale chini kwenye michongoma tangu enzi za nzige, na alifukiwa na watu wasiomjua hata kidogo. Leo na sisi tumekuja kumfukia wa watu."

Akachota udongo kwa mkono mtupu, akakataa koleo. Wote wakatia. Rajabu alitia mara mbili. Hakuna aliyesema, "Haya."

Kijana anayeshika kalamu ofisini sasa alinijia kesho yake, akaniuliza kama kwenye daftari la marehemu, mahali pa kuandika kwao mama yake Sesilia, aandike Kolo, kwa kuwa watu wa Kolo walisimama mbele ya parokia nzima. Aliuliza kwa upendo. Nikamwambia aache wazi. Watu wa Agnesi wapo mahali, nao yawezekana wana bibi yao aliyekufa akiuliza, na mtu aliyeachiwa kazi ya kuuliza. Huenda ni mmoja wenu mnaosoma hapa. Akija, asikute tumeshajibu.